Jina Nililompa Fundi wa Furu

Kalemie, Jumapili alasiri

Feza mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya mto Lukuga, na najua hatakuachia mapema. Nina nafasi ya kuandika nikiwa nimekaa, mgongo kwenye mito, jinsi daktari anavyotaka. Maandishi yangu si kama ya zamani, lakini yanasomeka. Nimempa mama mdogo wako mstari wa kwanza, ameusoma bila kukwama, ila ameuliza kwa nini ninamwandikia mtu anayelala nyumba moja nami. Nimemwambia kuna mambo ambayo nikianza kuyasema kwa mdomo nitaishiwa pumzi kabla ya kufika penyewe. Wewe utanishika bega na kusema, "Mama, pumzika kwanza," na mimi nitakubali kupumzika, kama nilivyokubali miaka yote hii.

Habari za chandarua na maji ya kuchemsha sitaziandika. Samaki wako wa ndakala wamefungwa, unga umefungwa, na gari la kesho asubuhi linajua nyumba yetu. Ninakuandikia habari ya furu, lile tanuri unalokwenda kujenga Manono, na ya yule fundi uliyemkataa wiki iliyopita.

Ulikuwa barazani, simu umeifungulia sauti. Mkuu wa shantie, pale panapojengwa Manono, alikuambia amepata masoni mmoja, fundi mwashi wa mule mjini.

"Anaitwa Kalenga. Betoni ya moto anaijua, alifundishwa na baba yake. Tumuchukue?"

Ukacheka. "Kalenga gani? Si njo ule mutoto wa Papa Majimengi? Hapana, papa. Ile nyumba inajua kumwanga maji tu."

Naye akacheka huko aliko, mkaendelea na habari ya matofali. Kazi ya mtu ikaishia hapo, katikati ya kicheko. Mimi nilikuwa chumbani, mlango uko wazi, nikasikia kila neno. Jina la Majimengi nililitunga mimi, Feza, na si la kweli. Papa Kisimba, baba yake Kalenga, hakuzidisha maji. Aliyekosea kwenye ile furu ni mimi.

Hadithi unaijua jinsi nilivyokuwa nikiisimulia. Wanafunzi wangu wote wa shule ya ufundi wanaijua. Palikuwa na fundi mmoja aliyependa betoni, yaani zege, iliyo laini, inayoteleza vizuri kwenye koleo, akaongeza maji, na furu ikapasuka. Mlikuwa mkicheka. Ulipokuwa shule ya msingi uliwahi kumchora, mtu mfupi mwenye ndoo kubwa kuliko yeye, na mimi nikaibandika picha ile jikoni. Ilikaa pale mpaka moshi ukaifuta. Sasa isome hadithi jinsi ilivyokuwa.

Kile kiwanda cha chokaa, upande wa kaskazini kwenye ufuko wa ziwa, kimebaki kuta tu. Nilipofika pale kutoka masomoni Lubumbashi kilikuwa na furu moja iliyofanya kazi usiku na mchana. Mimi nilikuwa maabara, labo kama tulivyoita, na wafanyakazi walinipa jina la Mama Labo hata kabla sijazaa. Nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye kazi ile. Papa Kisimba alikuwa fundi wa furu. Alikuwa mtu wa utani. Aliwaambia wenzake kwamba nyumbani kwangu bukari, ugali wetu, haiwekwi mezani mpaka ipimwe kwa kipimajoto, na kwamba mume wangu analala na kibandiko kifuani, kilichoandikwa tarehe ya kutengenezwa. Baba yako alipousikia utani huo alicheka kuliko wote, akamfuata Papa Kisimba kumsalimia. Walikuwa marafiki tangu siku ile.

Mdomo wa furu, pale panapoingizwa moto, ulikuwa umechoka. Matofali yalidondoka moja moja. Tukaamua kuubomoa na kuumwaga upya kwa betoni ya moto. Kazi hii wewe unaijua kuliko ninavyoijua mimi sasa, lakini mama mdogo ataisoma barua hii kabla yako, hata nikimkataza, kwa hiyo naieleza. Betoni ya nyumba ukiitia kwenye moto mkali inageuka unga na kuanguka. Betoni ya moto ina simenti yake, nyeusi, na kokoto zake ni za tofali lililokwisha kupikwa, kwa hiyo moto haiuogopi. Inachoogopa ni maji yake yenyewe. Huwezi kuikoroga bila maji, na baadaye lazima maji hayo yatoke yote, polepole, kwa moto mdogo unaoongezwa kidogo kidogo. Ukiharakisha, maji yaliyobaki ndani yanageuka mvuke, na mvuke usipopata njia unaitengeneza.

Papa Kisimba alipima maji mbele yangu. Nilisimama naye kwenye kila mkorogo, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu, na kwa sababu sikumwamini mtu yeyote. Alinilalamikia kwamba betoni ni ngumu kama bukari ya jana. Nikamwambia iwe hivyohivyo. Akaishindilia kwa jasho, akachomeka vijiti vya nyasi kavu ili viungue na kuacha matundu ya mvuke. Kazi ilikuwa safi. Nikumbuke lipi zaidi? Alisugua ukingo wa mdomo kwa kiganja, kama mtu anayempangusa mtoto uso, na kwenye kona moja aliandika herufi ya jina lake kwa msumari.

Tukawasha moto mdogo wa kuni. Watu wa furu walisema furu inatoka jasho, na kweli, unyevu ulionekana kwenye matundu, ukatiririka ukutani. Baada ya siku kadhaa jasho halikuonekana tena kwa macho. Hapo ndipo kioo kinapohitajika. Unakiweka kioo baridi mbele ya tundu. Kikipata ukungu, maji yangali yanatoka. Kikibaki safi, unaweza kuongeza moto. Nilikuwa na kioo changu cha mkoba.

Ilikuwa majira ya mvua. Unajua asubuhi zetu za majira hayo, jinsi ziwa linavyopumua mpaka mashuka yanakuwa na unyevu kitandani. Niliweka kioo kwenye tundu la kwanza, kikapata ukungu. Nikakifuta. Nikaenda nacho mbali na furu, karibu na mlango wa kiwanda unaotazama maji, na pale pia kikapata ukungu, kidogo. Nikasema moyoni: huu ni ukungu wa ziwa. Nikarudi kwenye tundu, ukungu ukaja tena, mzito kuliko ule wa mlangoni. Niliona kwamba ni mzito kuliko ule. Hilo ndilo ninalotaka ulisome taratibu. Niliona. Mtu anayejua kazi angekipasha kioo joto kidogo, ili ukungu wa ziwa usikishike, na kupima upya, au angengoja jua lipande na hewa ikauke. Mimi nilikifuta kwa kitambaa, nikakirudisha mkobani.

Utaniuliza kwa nini. Dirikta, mkuu wa kiwanda, alikuwa ametoka biro, ofisini kwake, mara mbili tangu asubuhi kuuliza, "Imekauka?" Mabehewa yalikuwa yakingoja chokaa kwenye reli. Mara ya kwanza nilimjibu, "Bado." Akaguna, akasema mbele ya watu kwamba labda wanawake wanakausha betoni kama nguo, wanaigeuzageuza upande huu na huu. Watu wakacheka. Papa Kisimba naye alicheka, simlaumu, ulikuwa utani mzuri. Mara ya pili dirikta aliponiuliza sikutaka kusema bado tena. Nilitaka kuonekana mtu anayejua. Hayo si maelezo ya kunisafisha. Wapo waliochekwa zaidi yangu na wakangoja.

Papa Kisimba akaniuliza, "Mama Labo, tuwashe moto mukubwa ao tungojee?"

Hakuwa na shaka yoyote. Alikuwa ananingoja mimi tu, koleo la makaa mkononi. Nikamwambia, "Washa. Imekauka."

Wakaongeza moto. Nilikuwa nimefika nusu ya njia kuelekea labo niliposikia mlio, si mkubwa sana, kama mlango mzito unaofungwa na upepo. Nikageuka. Paa la mdomo lilikuwa limeruka vipande, na kipande kimoja kilimpiga Papa Kisimba kwenye nyonga na kumwangusha. Hakupiga kelele. Alikuwa anatazama ile betoni aliyoijenga, pale ilipopasuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake.

Alilala hospitali muda mrefu. Siku ya pili dirikta alikuja labo, akafunga mlango. Hakuniuliza kama betoni ilikuwa imekauka. Aliniuliza, "Maji yalizidi?" Alikuwa amekuja na jibu, akalivika swali. Nilijua kwamba nikisema hapana, swali linalofuata litanihusu mimi. Nikamwambia, "Inawezekana."

Neno moja tu, Feza. Sikusema Kisimba alizidisha. Nilisema inawezekana, na kwa miaka nikajiambia kwamba sikusema uongo, kwa kuwa katika dunia hii mambo mengi yanawezekana. Dirikta alilitoa neno lile labo likiwa "inawezekana", na lilipofika kwenye baraza la wafanyakazi lilikuwa "Mama Labo amethibitisha". Papa Kisimba alipotoka hospitali, na fimbo, hakuwa na kazi tena. Akarudi kwao Manono.

Nilikwenda kumwona hospitalini mara moja kabla hajaondoka. Nilimpelekea mikate ya mafuta. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nilipofika alikuwa na wageni wa kanisa, wakanipisha kiti, na mimi nikaketi, nikauliza hali ya mguu, nikaondoka. Baba yako alikuwa akimtembelea kila wiki. Akirudi aliniambia, "Kisimba anakusalimia." Nikajibu, "Nimepokea." Baba yako alikufa bila kujua. Hata yeye aliamini habari ya maji, na ilimuuma, kwa sababu alimpenda yule mtu na ilibidi amwone kuwa fundi mzembe.

Kuhusu jina lenyewe. Kiwanda kilipofungwa nikaanza kufundisha. Mwaka wa kwanza darasani niliogopa wavulana wakubwa wa nyuma, wale wasioacha kupiga gumzo. Siku moja nikifundisha betoni ya moto nikasema, "Msiwe kama Papa Majimengi." Darasa zima likacheka na kunyamaza kunisikiliza. Nikaona kwamba ninalo jambo la kuwashika. Kila mwaka nikalisema, na aliyeuliza ni fundi gani nilimtajia Kisimba. Mwanafunzi wangu mmoja alipata kazi Manono, akalifikisha jina mpaka mtaani kwao Kisimba. Kosa la kwanza nilifanya kwa woga, na woga una dakika zake. Hili la pili nilifanya nikiwa nimetulia, nimekula, nimevaa vizuri, na nikalirudia mpaka wewe ukalijua kabla ya kujua kusoma.

Sikuandikii haya ili ujifunze kukausha betoni. Unao vipimajoto vya kuchomeka ndani ambavyo mimi sikuwa navyo, na unajua kuvisoma. Lakini Manono nako kutakuwa na mtu atakayetoka biro kuuliza, "Imekauka?" Hatakuwa mtu mbaya. Dirikta wangu hakuwa mbaya, alinichangia mahari ya mdogo wangu. Atakuwa na watu wake wanaomngoja, na swali lake litakuwa na haraka ndani yake, na wewe utatamani kumpa jibu linalomfurahisha, hasa kama wengine wanasikiliza. "Bado" ni jibu kamili. Halihitaji kuongezwa maelezo wala kuombewa radhi. Mimi nililijua neno hilo tangu utotoni na siku niliyolihitaji nililiona aibu.

Tena, ukisimama na mafundi, usiogope kuonekana hujui. Watu walisema Mama Labo hakosei kamwe, nami nikaanza kuilinda ile "kamwe" kuliko nilivyoilinda furu. Ni mzigo wa kijinga. Ukosee vitu vidogo hadharani, mapema, wakuzoee hivyo.

Sasa, jambo la jana. Ulipokuwa sokoni nilimpigia yule mwanafunzi wangu wa Manono, akanipa namba ya Kalenga. Nikampigia mwenyewe. Nilimwambia mimi ni Mama Odette wa Kalemie, wa kiwanda cha chokaa.

"Mama Labo," akasema. "Baba alikuwa anakusemaka."

Nikamuuliza alikuwa anasema nini. Nilijiandaa kwa lolote.

"Asema ulimuletea mikate ku hopitali."

Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, kioo na ukungu na lile "inawezekana". Nilisimama mara mbili kuvuta pumzi na yeye akangoja. Nilidhani atakuwa akijua. Nilidhani baba yake alijua tangu zamani kwamba maji yalikuwa sawa na kwamba alionewa, na kwamba nyumbani kwao mimi ni mtu wa kulaaniwa. Hilo ningeliweza. Nilikuwa nimejizoeza nalo.

Kalenga akasema, "Kumbe hakuongeza maji?"

"Hakuongeza."

"Mama, baba amekufa anatafuta ile ndoo. Alikuwa anakaa pa mulango anajiuliza, ni mukorogo gani niliongeza? Ni wa ngapi? Asema Mama Labo ni muntu wa masomo, kama amesema maji, basi ni maji. Anatafuta tu haioni."

Feza, sikulijua hilo. Kwa miaka yote nilifikiri nimemnyang'anya kazi na jina, na kwamba angalau ukweli alibaki nao. Nao nilimnyang'anya. Aliniamini mimi kuliko mikono yake.

Nilimwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Kisha nikamwambia kwamba wewe ndiye mkubwa wa furu mpya, kwamba ulimkataa kwa ajili ya neno langu, na kwamba nitakuambia. Nilidhani nimemletea habari njema. Akanijibu taratibu kabisa, nami nayaandika maneno yake jinsi yalivyo, maana yanakuhusu wewe.

"Kazi minaitaka, mama. Lakini sitaingia kwa mulango wa huruma. Nikija hivi, masoni wote watasema, tazama mutoto wa Majimengi, wamemuonea huruma. Hata miaka kumi watasema. Binti yako aseme mbele yao. Aseme nani alikosa. Akisha kusema, kesho yake asubuhi mutaniona."

Nilimwambia siwezi kumuahidi, kwa kuwa si mimi nitakayesimama mbele ya watu wale. Ni wewe. Utakuwa mgeni, mwanamke, siku zako za kwanza, unahitaji wakuheshimu, na jambo la kwanza utakaloombwa kuwaambia ni kwamba mama aliyekufundisha kazi hii alimwumiza fundi, akamsingizia, na akawafundisha watu kumcheka. Najua ninachokutwisha. Ningeweza kusafiri ningekwenda mwenyewe, lakini unaniona, hata kufika kwenye mlango wa uani ni safari. Ukiona huwezi, mwambie Kalenga kwamba huwezi. Usimwache akingoja.

Ila ukisema, nina maombi kuhusu maneno. Nakujua, utatafuta yaliyo laini. Utataka kusema kulitokea kosa, au mambo hayakueleweka vizuri wakati ule. Mimi nimeishi ndani ya neno laini muda mrefu, sitaki unitafutie jingine. Sema hivi: Papa Kisimba alipima maji sawasawa. Mama yangu, Odette Mwadi, ndiye aliyeona ukungu na kusema washa. Kisha nyamaza. Wakiuliza, wajibu. Wakikasirika, usinitetee. Mmoja akinitungia jina, usimzuie.

Na jambo la mwisho. Daktari hakunificha, na wewe pia unajua, hata kama jana ulisema tutaonana Noeli. Huenda siku utakayosimama mbele yao nitakuwa nimeshakwenda. Sema vilevile, na usianze na neno "marehemu". Watu wetu wakilisikia wanainamisha kichwa, na hakuna anayethubutu kumkasirikia mtu aliyekufa. Wape nafasi ya kunikasirikia.

Mama yako,
Odette Mwadi